"SHOMARI ANA VIRUSI": Tangazo la chama chetu cha kompyuta lililotaka kuvunja ndoa Kariakoo

Wakuu wa jukwaa, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu, na ningefurahi sana kingekuwa uongo, kwa sababu mjinga wa kisa hiki ni mimi mwenyewe.

Juzi kuna mdau kaanzisha uzi humu analia. Anasema mfumo wake wa kompyuta zamani walikuwa wanautumia watu wachache wanaojuana, sasa umekuwa maarufu, kila mtu anao. Maswali ya kitoto kila kona. Wageni wanaharibu, watatuletea virusi. Akauliza: hivi umaarufu huu ni neema au balaa?

Nimesoma komenti zote, kurasa sita. Nikacheka, halafu nikaenda kunywa maji. Maneno yale yale niliwahi kuyasema mimi, Kariakoo, wengi wenu hamjazaliwa.

Basi sogeeni, niwape jibu refu.

Ilikuwa enzi za ruksa. Nchi iliyokuwa inapanga foleni ya sabuni, ghafla ina sabuni za rangi saba na bado wauzaji wanakuvuta shati. Kompyuta, ambayo miaka ya nyuma kuiingiza ilikuwa kibali juu ya kibali, nayo ikaanza kuonekana mjini.

Mimi nilikuwa mchapaji kwenye ofisi ya mawakala wa forodha karibu na bandari. Kuna mgeni alikuwa anarudi kwao, akaniachia kompyuta yake kuliko kuilipia mzigo wa ndege.

Jina la kampuni iliyoitengeneza silitaji. Ilishakufa, tusimseme marehemu.

Kilikuwa kidude cha rangi ya chai ya maziwa, kompyuta yote imejificha ndani ya kibodi yake, unaichomeka kwenye televisheni. Sasa ikipata joto, picha inajikusanya pembeni zote, inarudi katikati ya kioo, inabaki nukta moja tu. Inaingiza kichwa! Unasubiri ipoe, inachungulia tena.

Ndiyo tukaiita Kobe.

Kumbe mjini kulikuwa na wenye Kobe wengine. Tukatafutana, tukafika sita, tukaunda chama. Kikao cha kwanza kilijadili ngeli kwa saa mbili nzima. Tuseme "Kobe imezimika" au "Kobe amezimika"? Hoja ikawa kobe ni mnyama, sharti apewe heshima yake. Tukapiga kura, "amezimika" ikapita nne kwa mbili.

Likumbukeni hilo, litatuumiza huko mbele.

Katika wale sita, nyie mshikeni mwenyekiti, mshikeni Shomari, na mimi katibu. Wengine walikuwa wa kupiga kura tu.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kanti, Mhindu mwenye duka la kutengeneza redio Mtaa wa Aggrey. Kwake Upanga, anakuja dukani saa mbili kamili, unaweza kurekebisha saa yako kwa kumwona anafungua kufuli. Mtu wa utaratibu mpaka anakera. Skrubu zake zilikuwa kwenye vikopo, kila kikopo na jina.

Shomari alikuwa kijana wa Lindi, muuza chupa za chai na mabeseni Mtaa wa Kongo. Mcheshi, mdomo mzuri, anaweza kumuuzia jokofu mtu ambaye nyumba yake haina umeme. Na aliwahi kufanya hivyo.

Sasa, Kobe wote walifanana. Wakikaa rafuni kwa Mzee Kanti kusubiri matengenezo, hujui yupi wa nani. Mwenyekiti akabandika plasta kila mmoja, akaandika jina la mwenye mali. Kuanzia hapo hatukusema tena "Kobe wa Shomari". Tulisema "Shomari". Ukifika dukani unamsikia mzee wa watu anasema kwa sauti yake ya upole:

"Nileteeni Shomari hapa nimfungue."

Au: "Katibu hana sauti leo. Nimemtoa kifuniko cha nyuma, bado."

Sisi sita tulielewana. Raha ilioje kuwa sita, wakuu! Lugha yenu, utani wenu, ubao wenu wa matangazo umetundikwa mlangoni na hakuna anayeusoma.

Tulikuwa na sharti moja kubwa: diski yoyote ngeni inapita kwanza kwa mwenyekiti, aikague. Sharti hilo niliandika mimi, kwa mkono wangu, nikapiga mstari chini.

Na tulikuwa na majivuno. Kauli yetu: Kobe haugui. Virusi wako kwenye kompyuta za maofisini, zile za watu wengi. Nani apoteze usiku wake kutunga virusi kwa ajili ya watu sita wa Kariakoo?

Nilisema hivyo kila kikao. Naona aibu hata kuandika.

Halafu Shomari akaharibu.

Kuna shule huko Ulaya zilikuwa zinatupa Kobe wao. Wakapakiwa kontena moja na mitumba na majokofu, wakashuka bandarini. Shomari akapata fununu, akachukua wote. Asubuhi moja napita Mtaa wa Kongo nawaona Kobe wamepangwa juu ya mkeka, kati ya mabeseni na chupa za chai. Nilihisi kama nimemkuta mama yangu mzazi anapigwa mnada.

Wenye umri wangu mnakumbuka hali ya televisheni wakati ule. Watu wamezinunua, ruksa si ruksa, zimevalishwa kitambaa cha kufuma, ziko sebuleni. Lakini stesheni huku Bara hakuna. Kama huna deki ya video, TV yako ni kioo cha kujitazamia.

Shomari akawa anapiga kelele: "TV yako inakaa bureee! Mpe kazi! Kobe huyo, anaandika, anahesabu, anacheza!"

Wiki tatu, mkeka mweupe.

Wakuu, mlichokiona kwenye mifumo yenu ya leo ni mchezo. Kinyozi wa Mtaa wa Sikukuu alimweka Kobe mbele ya wateja, anahesabu moja mpaka mia, anarudia. Nje ameandika KINYOZI WA KOMPYUTA, na foleni imefika kwa jirani. Ukimuuliza kompyuta inahusikaje na kunyoa, anakwambia, "Inasimamia."

Fundi cherehani mmoja alichoka kuwadanganya wateja kwa mdomo wake. Akamtafuta mtu amwandikie Kobe ujumbe: GAUNI LAKO BADO. NJOO IJUMAA. Ujumbe ukakaa kwenye kioo miezi. Wateja waliokuwa wanamtukana yeye wakawa wanaondoka kimya, eti kompyuta haiwezi kusema uongo.

Mganga mmoja, huyu ndiyo kabisa, Kobe wake alikuwa na neno moja tu: SUBIRI. Mke kakimbia? Subiri. Ng'ombe kaibiwa? Subiri. Akawa na wateja kuliko kinyozi.

Na kuna jamaa alitoka Kisarawe na gunia. Kasikia Mtaa wa Aggrey kuna watu wa kobe, wazima wananunuliwa, wagonjwa wanatibiwa. Akamwaga kobe watatu, wa kweli, juu ya meza ya Mzee Kanti. Mzee akamweleza kwa heshima kwamba sisi kobe wetu wana nyaya. Jamaa akamshika mmoja, akamgeuza tumbo juu, akaanza kuzitafuta.

Alipoondoka alitusahaulia mmoja. Akaishi chini ya meza, anakula mchicha.

Sasa chama kikajaa. Kikao ambacho tulikaa sita, wanakuja themanini, wengine wamesimama barabarani, wanauliza kama Kobe anaweza kupokea simu. Ubao wetu mlangoni sasa unasomwa na mtaa mzima, maana kila mwenye Kobe ana ndugu, na kila ndugu ana jirani.

Nilichukia, siwafichi. Nilimchukia kinyozi, nilimchukia mganga, na zaidi ya wote nilimchukia Shomari, kwa sababu wote walimwita "Bwana Kobe". Mimi katibu mwanzilishi wananiita "yule wa chaki".

Naye Shomari siku hizo yuko mawinguni. Barua yake ya posa imejibiwa vizuri, na siku ya ndoa imepangwa, Ijumaa mbili mbele. Anamuoa Zuhura, mwalimu wa darasa la tatu, binti wa Gerezani. Binti huyo alilelewa na shangazi yake, Bi Tatu, mwanamke ambaye akikohoa mtaa unajibu "abee".

Hapo ndipo virusi wakaja.

Shomari alimleta Kobe wake dukani. Ukimwasha, dakika kadhaa kioo kinakuwa cheusi, yanatokea maneno ya Kizungu ambayo maana yake ni: Nimo ndani yako, na ni wewe uliyenikaribisha. Kisha kila kilichokuwa kwenye diski kinafutika.

Mzee Kanti akavaa miwani, akatazama, akavua miwani. "Shomari ana virusi," akasema.

Ndani ya moyo wangu, Mungu anisamehe, nilifurahi. Si niliwaambia? Si nilisema umaarufu utatuletea magonjwa? Huyo hapo Bwana Kobe wenu!

Nikachukua chaki, nikatoka mlangoni, nikaandika kwa herufi kubwa:

TANGAZO
SHOMARI ANA VIRUSI.
WOTE MLIOBADILISHANA NAYE FIKENI MKAGULIWE.
MSIMPE KITU, MSIPOKEE KITU KWAKE.
KATIBU

Wale wa umri wangu mshashika vichwa. Nyie vijana ngoja niwaeleze. Miaka ile, Bongo, neno virusi lilikuwa na maana moja tu: Ukimwi. Lilikuwa neno la kunong'ona. Lilikuwa linazika watu kila wiki, na watu walikuwa na hofu kuliko elimu. Kompyuta haikuwa na hisa yoyote katika neno lile.

Hata adhuhuri haikufika.

Kule Mtaa wa Kongo, aliyenunua beseni kwa Shomari asubuhi akalirudisha, akaliweka chini hatua tano, akakimbia. Wauza duka wenzake wakachangishana wakamletea maziwa, mayai na machungwa. Mama lishe akampelekea supu, akaiweka sakafuni, akamsukumia kwa mwiko.

Na Shomari masikini hajasoma ubao! Yeye yuko kibandani, anapokea mayai, anashangaa. Alikuja kuniambia machozi yanamlengalenga: "Katibu, watu wa Kongo wana upendo sana. Ndoa bado wiki mbili, wameshaanza kunilisha."

Nikamjibu, "Naam, watu wana upendo."

Nilijua, wakuu. Wakati huo nilikuwa nimeshajua. Nilijiambia nitafuta jioni.

Kabla ya jioni akaja Bi Tatu. Buibui jeusi, mkoba kwapani, amenyooka. Hakunitazama mimi, alimwendea Mzee Kanti kama mtu mzima anayejulikana kwa kutosema uongo.

"Mzee wangu, nimekuja kuuliza jambo moja. Shomari ana virusi?"

Mzee Kanti, ambaye katika maisha yake hakuwahi kusikia umbea kwa sababu hakuwa na muda nao, akaweka bisibisi chini.

"Kweli, mama. Nimemwona kwa macho yangu mwenyewe."

Bi Tatu akashika meza.

"Tena si virusi tu," mzee akaendelea. "Huyu ana shida ya umeme toka zamani. Miwaya yake imechoka."

Wakuu, mtaani "umeme" ni ugonjwa ule ule. Mnajua mtu "akikanyaga miwaya" kakanyaga nini. Bi Tatu naye alijua.

"Ameambukiza wangapi?"

"Tunaowajua kumi na mmoja. Wengine mwenyewe hawakumbuki."

"Ya Rabi. Na hakuna dawa?"

"Kumfuta kabisa, aanze upya. Lakini kwa umri wake, mama, mimi ningekushauri mchukue mwingine. Mtaa wa Kongo wapo, wazima kabisa, na plasta haijabandikwa."

Mimi nilikuwa pale pale, kwenye kigoda, hatua mbili. Nilikuwa mtu pekee katika chumba kile aliyewaelewa wote wawili. Neno moja tu lingetosha. Nikawa nalipanga kichwani, nianze na "shikamoo" au nianze na "samahani", na huku sehemu fulani ya roho yangu inaona kichekesho. Mpaka nafungua mdomo, Bi Tatu kashavuka barabara.

Kesho yake barua ya posa ikarudi. Ndani ya bahasha mpya, na aliyeileta kaishika kwa leso.

Shomari alikuja dukani na bahasha ile. Hakupiga kelele, na mimi nilitamani apige. Alisimama mbele ya ubao, akasoma mstari kwa mstari, midomo inatembea. Kisha akakaa chini kwenye ngazi ya duka kama mtu aliyeambiwa ana msiba.

"Katibu," akasema, "hapa pana maneno yamepungua."

Nikafuta ubao. Lakini kufuta ndiyo nikaharibu zaidi, watu wakasema ndugu zake wamehonga.

Tukaenda wote kwa Bi Tatu kueleza. Alitusikiliza akiwa dirishani, mlango hajafungua. Nikamwambia ni kompyuta, mama. Mashine ndiyo inaumwa. Akanitazama.

"Mashine inaumwa virusi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ipelekeni ikapimwe. Mniletee cheti."

Shomari akasema anaenda kupima yeye mwenyewe, sasa hivi. Bi Tatu akamjibu kwamba cheti cha mtu Kariakoo kinauzwa pamoja na mhuri wake. Cha mashine ndiyo hajawahi kukiona, hicho atakiamini.

Mnacheka. Sisi tulienda.

Tulimfunga Kobe kwa kanga, tukaingia zahanati moja, jina silitaji. Tukakaa kwenye benchi na wagonjwa. Mama mmoja akamwuliza Shomari mtoto ana miezi mingapi. Zamu yetu ikafika, tukamfungua mbele ya tabibu. Alikuwa mzee wa makamo, amechoka, nadhani tangu asubuhi hajacheka. Akatusikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso, akavuta karatasi, akaandika, akagonga mhuri.

Tulisomea nje. Iliandikwa: Nimempokea Kobe na kumchunguza. Kipimo hakikuwezekana kwa kuwa mgonjwa hana damu.

Nikamwambia Shomari tusiipeleke hii. Shomari akasema ina mhuri.

Bi Tatu akaisoma dirishani. Akaisoma tena. Akampigia kelele mtu ndani: "Jamani! Kumbe na damu hana!"

Akafunga dirisha.

Tulirudi kwa miguu. Kufika Msimbazi Shomari akasema kitu kimoja tu: kwamba mama yake alishapanda basi kutoka Lindi, yuko njiani na mchele wa harusi. Barabara zile za kusini mnazijua zilivyokuwa, mtu akishaondoka huna pa kumpata. Anakuja kwenye ndoa ambayo haipo.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku ya tatu Zuhura akaja dukani, mwenyewe, ametoka shule, vidole vina chaki kama vyangu. Hakumwambia shangazi yake. Sikuwahi kumwona karibu. Binti mdogo wa umbo, ila ana lile jicho la walimu linalokukumbusha hukunawa miguu.

"Wewe ndiye Katibu?"

"Ndiyo, mwalimu." Nilisimama kabisa, wakuu. Mtu mzima mimi.

"Nionyeshe virusi."

Nikamwasha Kobe wa Shomari. Tukasubiri. Kioo kikawa cheusi, maneno yakatokea. Nikamtafsiria. Akatazama, akaitikia kwa kichwa.

"Sawa. Nimeona. Sasa niandikie ulichoandika siku ile."

Nikaandika kwenye karatasi. Akatoa kalamu nyekundu.

"'Kobe wa' iko wapi?"

Nikamweleza habari za plasta, za kura ya ngeli, kwamba sisi tumezoea kusema jina la mtu.

"Nyinyi sita mmezoea," akasema. "Ubao unasomwa na sita?"

"Hapana."

"Nafasi kwenye ubao ilikuwepo ya maneno mawili?"

"Ilikuwepo."

"Na ulijua watu watasoma nini."

Mzee Kanti aliacha kugonga alichokuwa anagonga. Nilitaka kusema sikujua. Lilikuwa jibu jepesi, lilikuwa mdomoni tayari. Lakini nikakumbuka yale mayai, na Shomari anavyoyapokea huku anafurahi.

"Nilijua," nikasema. "Si mwanzo kabisa. Ila nilijua mapema kuliko nilivyofuta. Nilikuwa namuonea wivu."

Akanitazama sana. Kisha akaniambia nichukue chaki, twende mlangoni.

"Imla," akasema. "Herufi kubwa. Andika."

Akanisomea, polepole, kituo na mkato, kama anasomea darasa la tatu:

KOBE WA SHOMARI ANA VIRUSI. SHOMARI NI MZIMA. KATIBU ANA VIRUSI.

Nikasimama na chaki hewani. "Mwalimu, hili la mwisho si kweli."

"Hata lile la kwanza lako halikuwa kweli, na liliandikika vizuri tu. Andika. Litakaa wiki moja."

Mzee Kanti akawa shahidi. Na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, aliandika tarehe ya kufuta pembeni.

Wiki ile, ndugu zangu, nilionja. Mama lishe akaninunulia kikombe changu peke yangu, amekifunga uzi mwekundu. Ofisini wakanihamishia taipureta yangu dirishani, eti nipate hewa. Jirani akaniletea mayai. Na mimi nilikuwa najua sina kitu! Nikawaza wale ambao wanacho kweli, wanaosukumiwa supu kwa mwiko kila siku, na hakuna siku ya kufuta iliyoandikwa pembeni. Tangu hapo nikisikia mtu ananong'ona jina la mgonjwa, naondoka.

Bi Tatu alipita, akausoma ubao wote, akarudia. Zuhura alishamweleza nyumbani, na nasikia walibishana sana. Kilichomshawishi ni kitu kimoja: hakuna mwanaume anayejiandika mwenyewe hivi kwa mkono wake kama hana kosa kubwa zaidi. Barua ya posa ikarudi tena kwa Shomari, safari hii bila leso.

Lakini kisa hakijaisha.

Siku ya tano ya adhabu yangu Mzee Kanti aliniita ndani. Alikuwa amekusanya diski zote za chama, za wageni na za wenyeji, amezipanga mezani kama karata, na daftari lake la nani alimpa nani, lini. Kobe wa kweli alikuwa chini ya meza, anatafuna.

"Nimefuata nyayo," akasema. "Kinyozi alipata kwa Shomari. Fundi alipata kwa Shomari. Mganga alipata kwa fundi. Shomari alipata kwenye diski ya mchezo wa nyoka."

Nikaiona pale mezani, nikaitambua.

Ile diski ya nyoka nilipewa na baharia mmoja bandarini, miezi kibao nyuma, mkeka wa Shomari haujatandikwa. Nilikuwa naona haya mwenyekiti ajue katibu mzima anacheza nyoka. Sikuipeleka kukaguliwa. Nilicheza peke yangu, na siku moja nikamwazima Shomari, nikamwambia asimwambie mtu.

Na hakumwambia mtu. Hata siku ile anasoma ubao na bahasha mkononi, hakusema.

Mzee Kanti akamchukua Kobe wangu rafuni, aliyekuwa bado anangoja kutengenezwa sauti, sijamgusa miezi, akamwasha. Tukasubiri. Kioo kikawa cheusi.

Nimo ndani yako, na ni wewe uliyenikaribisha.

"Katibu ana virusi," akasema Mzee Kanti, kwa upole ule ule. "Mwalimu alipatia."

Akavua miwani, akaifuta, na mabega yakaanza kumtikisika. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kumwona mzee yule anacheka.

Ndoa ilifungwa Ijumaa ile ile iliyopangwa, Gerezani, na mama wa Lindi alifika na mchele wake. Mimi nilienda. Ubao ulikuwa umefutwa jana yake, lakini midomo haifutiki. Pilau ikaletwa, watu wakakaa wanne wanne kwenye masinia. Nikakaa kwenye langu. Mmoja akakumbuka ana simu ya kupiga. Mwingine akahama amfuate mwanawe. Nikabaki mimi na sinia zima, nyama juu, na macho ya watu.

Shomari alikuwa amekaa na wazee, kanzu nyeupe, bwana harusi. Akainuka. Akavuka uwanja wote ule mbele za watu, akakaa mbele yangu, akakunja mkono wa kanzu.

"Kula, Katibu," akasema, anamega. "Mimi na wewe tulishaambukizana zamani."

Nililia kwenye pilau, sioni haya kusema.

Basi mdau uliyeuliza, jibu langu ni hili. Umaarufu ulinifanyia fujo kweli. Kelele, maswali ya kijinga, kinyozi wa kompyuta. Lakini virusi hawakuletwa na kinyozi wala mganga. Waliletwa na mmoja wa wale sita watukufu, mwandishi wa masharti, aliyekuwa anawalinda wengine na wageni. Na hao wageni wakiwepo sabini na nne, ujinga wake ukaonekana mchana kweupe.

Kobe wenyewe hawakudumu. Neno virusi liliwatisha watu, wakawatupa. Kinyozi akanunua feni. Fundi cherehani akarudi kudanganya kwa mdomo. Chama kikabaki na watu sita, kama nilivyokuwa naomba. Tukakaa kikao kimoja, kimya, hakuna anayeuliza kama Kobe anapokea simu. Nikagundua nimemiss yale maswali.

Kobe wa kweli Mzee Kanti alimpeleka Upanga, akaishi bustanini kwake miaka mingi. Mgongoni alikuwa na plasta. Imeandikwa KATIBU.

Haya, wenye la kusema semeni, na wenye visa vya enzi zile leteni. Matusi pia napokea. Ila mkinitaja huko mlipo, nawaomba mnitaje kwa maneno kamili.